Shajara ya mradi: vivumishi vya Kipolandi kwenye dopełniacz, kwa Kiswahili

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Wazo ninalo tangu mwezi wa kumi nilipofika hapa Kraków, maana kila kitabu cha Kipolandi cha wageni nilichoshika kinaongea na mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba kivumishi kinaweza kubadilika kupatana na nomino yake, kurasa nzima zinaishia kumzoesha tu kwamba jambo hilo lipo duniani. Sisi hiyo tumezaliwa nayo jamani. Kisu kikubwa, visu vikubwa, jiwe kubwa, mti mkubwa, mtoto wa miaka minne kule Morogoro anazipatia zote huku anacheza. Kwa hiyo nataka karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, pamoja na kadi za kujifunzia kwenye simu, vyote kwa Kiswahili, na viwe vya kitu kimoja tu: vivumishi vya Kipolandi vinavyobadilika kwenye dopełniacz.

Kwa ambaye ndo anaanza: Kipolandi kina hali saba, yaani nomino ileile inabadilika mkia kulingana na kazi inayofanya kwenye sentensi, na dopełniacz ni ya pili kwenye orodha wanayofundisha shuleni. Kazi yake moja inafanana na ile -a yetu ya "kitabu cha mwalimu", lakini inaingia sehemu nyingi mno zaidi ya hapo, na nomino ikibadilika kivumishi nacho lazima kibadilike.

Jedwali la kwanza nimelitoa kwenye sentensi moja tu, "sina". Nowy telefon ni simu mpya, kwao ya kiume. Nowa karta, kadi mpya, ya kike. Nowe mieszkanie, nyumba mpya ya kupanga, hiyo ni ya kati, si kiume si kike. Nowe klucze, funguo mpya, wingi. Sasa sema sina: nie mam nowego telefonu, nie mam nowej karty, nie mam nowego mieszkania, nie mam nowych kluczy. Hesabu mikia ya kivumishi: -ego kwa kiume na kwa ile ya kati, -ej kwa kike, -ych kwa wingi wote bila kujali jinsia. Mitatu. Mtu aliyekua anasema mpya, wapya, mipya, jipya, mapya, kipya, vipya, hawezi kushindwa na mitatu.

Siku ya 2

Matamshi, haya yalikwisha haraka. Ile g ya -ego inasomwa g kama ilivyoandikwa (aliyepitia Kirusi awe makini, kule mkia kama huo unaandikwa g unatamkwa v). Alafu kuna zawadi ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote kwa sababu hakuna aliyemwandikia Mswahili: mkazo wa Kipolandi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama wa kwetu. NOwy, lakini noWEgo. Ni sawasawa na kiTAbu inavyokuwa kitaBUni, mkia ukiongezeka mkazo unasogea wenyewe na mdomo unajua pa kwenda. Nimeiandika juu kabisa ya karatasi.

Siku ya 4

Nimeandika skripti ndogo ya Python ya kunitengenezea kadi, naipa kivumishi kimoja inanipa maumbo matatu, nikaweka vivumishi 60 vya kawaida nikaiacha ifanye kazi. Imeniletea wysokej, drogej, tanego na cichiego. Yote manne si Kipolandi.

Nilikuwa nimeanza na umbo la kike, wysoka, droga, nikakata a nikabandika -ej, kumbe baada ya k na g lazima i iingie katikati, wysokiej, drogiej, na kwa kiume hivyohivyo wysokiego, drogiego, na wingi wysokich, drogich. Kwa sikio la kwetu hii si ajabu, ki- ikikutana na -eupe haitoki kieupe, inatoka cheupe, sauti mbili zikigusana kuna kinachotokea. Tatizo la tanego ni lilelile upande wa pili, kivumishi ni tani, rahisi kwa bei, ile i ni mali yake nami nimeikata. Na cichiego ni mimi kudhani ch nayo inafuata k na g, haifuati, cichy inakuwa cichego, cichej, cichych, kimya kimya bila i yoyote.

Siku ya 5

Nimeitupa kanuni ya jana nikaandika nyingine ambayo ni fupi mpaka nimeijaribu mara tatu nikihisi kuna kitu nimesahau. Anza na umbo la kiume siku zote, lile la kwenye kamusi.

Kikiishia na -i, usikate kitu, ongeza tu: tani, taniego, taniej, tanich. Polski, polskiego, polskiej, polskich. Ostatni, ostatniego, ostatniej, ostatnich.

Kikiishia na -y, toa y kisha weka -ego au -ej, ila kwa wingi y inabaki: duży, dużego, dużej, dużych. Świeży, świeżego, świeżej, świeżych.

Na ukiangalia vizuri wingi wote ni neno la kamusi pamoja na ch tu, nowy na ch, tani na ch, basi. Ukiwajua watu wanavyohangaika na wingi wa Kipolandi kwenye mianownik, ile hali ya kawaida, ambapo wanaume wana umbo lao peke yao, dobry inakuwa dobrzy, wysoki inakuwa wysocy, drogi inakuwa drodzy, utaelewa kwa nini nimefurahi. Kwenye dopełniacz wote wanarudi nyumba moja.

Skripti imepita 58 kati ya 60. Mbili zilizobaki: pewien, ambayo inapoteza e na kuwa pewnego, na bordo, rangi ya damu ya mzee, ambayo haibadiliki kamwe. Za aina ya bordo ni chache na wengi wetu tutazizoea bila shida, ni kama safi na ghali kwetu, maneno yaliyokuja kutoka nje yakakataa kuvaa viambishi.

Siku ya 9

Nimempa karatasi dada mmoja wa Arusha anayesoma chuo hapahapa, ana miezi mitano nchini. Jedwali amelishika kwa dakika kumi, ananijibu mikia bila kukosea. Alafu tukaanza kuongea kawaida kabisa, nikamuuliza kuhusu chumba anachotafuta, akasema szukam tani pokój. Mikia yote anaijua na hajaitumia hata mmoja. Akaniambia, "kaka, mimi sikujua kama hapo ndo pake."

Hiyo sentensi imebadilisha mradi mzima. Nilikuwa napanga kila kitu kwa mikia, wakati mikia si mzigo kwetu. Mzigo ni kujua saa ngapi inaitwa, maana kwenye Kiswahili nina simu mpya, sina simu mpya, natafuta simu mpya, bila simu mpya, ile "simu mpya" inakaa palepale kama jiwe. Kivumishi chetu kinaitazama nomino peke yake. Cha Kipolandi kinaitazama nomino, alafu kinageuka kutazama ni nani ameiita.

Mahali pekee nilipoona kitu cha kufanana nacho kwetu ni -ni ya mahali. Nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu. Nomino imepewa kazi nyingine, na neno linaloifuata limeacha y- likachukua kw-. Huyo dada nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo akasema "aaa, kumbe na sisi tunayo". Kwa hiyo inapanda kwenye karatasi, juu ya jedwali.

Karatasi mpya inaanza na waitaji. Nimeliweka jina hilo, mwitaji, yaani neno linaloiita dopełniacz, kwa sababu ndilo lililoeleweka nilipoeleza.

Nie ni wa kwanza, ukikanusha kitendo: lubię gorącą kawę, napenda kahawa ya moto, nie lubię gorącej kawy. Pia nie ma, hakuna: nie ma świeżego chleba, nie ma wolnych miejsc, hiyo ya mwisho utaiona imebandikwa mlangoni kwenye nyumba za wageni. Alafu vihusishi, bez (bila), do (mpaka), od (kuanzia, kutoka kwa), z (kutoka), dla (kwa ajili ya), u (kwa mtu), obok na koło (kando ya). Alafu vitenzi vyenye tabia hiyo, szukać (kutafuta), potrzebować (kuhitaji), słuchać (kusikiliza), bać się (kuogopa), uczyć się (kujifunza): szukam taniego pokoju, potrzebuję ciepłej kurtki, boję się dużych psów, uczę się polskiego. Na mwisho maneno ya kiasi.

Onyo moja nimeiwekea mstari mwekundu. Nie haiiti dopełniacz kivumishi kikiwa ni maelezo ya baada ya być, kuwa. Ten pokój nie jest tani, chumba hiki si cha bei rahisi, hapo inabaki tani. Tukishajifunza nie tunaanza kuipaka kila mahali, wanne kati ya watano niliowajaribu wamesema nie jest taniego.

Siku ya 12

Jumamosi, nimeenda Stary Kleparz na daftari. Ni soko la zamani karibu na ulica Długa, mboga, jibini, mayai, kina mama wenye vibanda ambao hawana haraka na wewe ukionyesha unajaribu. Soko ndo shule ya dopełniacz kwa sababu kila kitu kinauzwa kwa kipimo na kila kipimo kinaiita. Dwadzieścia deka żółtego sera, jibini la njano gramu 200, maana hapa wanapima kwa deka, deka moja gramu kumi. Pół kilo młodych ziemniaków, nusu kilo ya viazi vichanga. Kawałek białego sera, kipande cha jibini jeupe. Paczka czarnej herbaty, paketi ya chai nyeusi. Kwenye chupa ya juisi, sok z czarnej porzeczki.

Kuna kitu nimekiona nikiwa kwenye foleni na sasa naamini ndicho cha thamani kuliko vyote kwenye karatasi hii. Nomino ya kike ikiingia dopełniacz mara nyingi inafanana kabisa na wingi wake. Kawy inaweza kuwa "ya kahawa" na inaweza kuwa "kahawa nyingi", herbaty hivyohivyo. Kinachokwambia ni ipi ni kivumishi: dobrej kawy, ya kahawa nzuri, moja. Dobre kawy, kahawa nzuri, aina nyingi. Na nomino za kiume nazo zina mgogoro wao, zingine zinachukua -a, zingine -u, chleba lakini telefonu, psa lakini pokoju, wageni tunakariri miaka. Kivumishi hakijali, -ego kwa wote. Mimi sasa nikisikiliza mtu anaongea kwa kasi nashika kivumishi kwanza, nomino ikinipita najua tayari iko wapi.

 

Siku ya 13

Namba. Mbili, tatu na nne hazina shida, dwa nowe zeszyty, madaftari mawili mapya, hali ya kawaida. Kuanzia tano mlango unafungwa: pięć nowych zeszytów, ni kama kusema tano ya madaftari mapya. Inaendelea hivyo mpaka ishirini na moja, na ukifika ishirini na mbili inarudi, dwadzieścia dwa nowe zeszyty, ila kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne zinabaki upande wa tano. Pamoja na namba wapo dużo (mengi), mało (machache), kilka (kadhaa). Dużo nowych słów, maneno mapya mengi. Kadi 18, zimetosha.

Siku ya 16

Viumbe hai. Hapa vitabu vinaanza kuandika kwa herufi nzito na wanafunzi wanakata tamaa, na mimi nimeamka asubuhi nikagundua Mswahili hana sababu ya kukata tamaa.

Kwenye biernik, hali ya mtendwa, nomino ya kiume isiyo na uhai haibadiliki: mam duży stół, nina meza kubwa. Ikiwa na uhai inaazima umbo la dopełniacz, na kivumishi kinaazima nayo: mam dużego psa. Kwa nini mbwa na meza vitengane? Jiulize kwa nini tunasema kisu kikubwa lakini kiboko mkubwa. Vyote vinaanza na ki-. Kiboko ana uhai, basi anatoka kwenye ki- yake anakwenda kupatana na mtu na mtoto, nimemwona kiboko mkubwa, hakuna anayesema nimekiona kiboko kikubwa akiwa anamaanisha mnyama. Lugha mbili zisizohusiana kabisa zimeamua kwamba uhai unastahili alama yake kwenye sarufi. Nimekaa na hilo jambo asubuhi nzima, limenipa furaha ambayo sikuitegemea kwenye kazi ya majedwali.

Kwenye wingi Kipolandi kinabana zaidi, wanaopata ni kundi la wanaume au lenye mwanaume ndani yake, widzę nowych studentów, lakini mbwa na wasichana wanabaki, widzę duże psy, widzę nowe studentki. Hii haina mfano kwetu, ni ya kukariri.

Siku ya 20

Majina ya mahali. Nimetembea na tramu siku nzima nikinakili vibao. Nowa Huta, ule mji wa kiwanda cha chuma ulioanza kujengwa 1949 ambao sasa ni sehemu ya Kraków, unasema jadę do Nowej Huty. Stare Miasto, do Starego Miasta. Ukitoka stesheni kuu, z Krakowa Głównego. Kivumishi kinakaa mbele au nyuma ya jina, chote kinabadilika, hata kikiwa kimeandikwa kwenye bango kubwa la chuma.

Zakopane imewapoteza wengi, mji wa chini ya milima ya Tatra, kwa sababu ina sura ya nomino na ndani ni kivumishi. Do Zakopanego. Si do Zakopany, si do Zakopanu, nimesikia zote mbili.

Barabara zenye majina ya watu zinakufundisha bure. Juliusz Słowacki, mshairi, barabara yake ni ulica Słowackiego. Józef Piłsudski, ulica Piłsudskiego. Maria Konopnicka, mwandishi, ulica Konopnickiej. Majina ya ukoo ya -ski na -cki yanakwenda kama kivumishi cha kawaida kabisa, kwa hiyo kila unaposoma anwani umesoma dopełniacz. Mwenye nyumba akiitwa Kowalski barua inatoka od pana Kowalskiego, mkewe od pani Kowalskiej, wakiandika wote wawili od państwa Kowalskich. Mikia mitatu ileile ya siku ya kwanza.

Siku ya 24

Salamu na matakwa. Smacznego wakati wa kula, miłego dnia, miłej podróży, wszystkiego najlepszego kwenye siku ya kuzaliwa, Wesołych Świąt Krismasi na Pasaka. Zote zinatoka kwenye życzę, nakutakia, kitenzi kimefichwa na mkia umebaki kukumbusha kwamba kilikuwepo. Sisi tukisema safari njema, "nakutakia" nayo imefichwa hivyohivyo.

Na coś (kitu fulani), nic (hakuna kitu): coś nowego, kitu kipya, nic ciekawego, coś słodkiego, coś zimnego do picia. Hapa hakuna nomino kabisa, kivumishi kinasimama peke yake na bado kinavaa -ego. Pia pewnego razu, ndiyo wanayoanzia hadithi za watoto, hapo zamani za kale yao, na ni ile pewien iliyonigomea siku ya 5.

Siku ya 27

Saa na tarehe, nilijua zitanichukua muda. Ofisi imeandika od ósmej do szesnastej. Ósma ni ya nane, ya kike kwa sababu godzina, saa, ni ya kike, na od inaiita, ósmej. Lakini kichwani kwangu saa hiyo ni mbili asubuhi, na szesnasta ni saa kumi jioni, kwa hiyo kabla hujafika kwenye mkia umeshahama masaa sita. Nimejaribu kadi za maandishi, hazikufanya kazi, watu wanachelewa kujibu na wengine wanataja saa ya Kiswahili kwa neno la Kipolandi, od drugiej wakimaanisha saa mbili asubuhi, ambayo huku ni saa nane mchana na ofisi unaikuta ina foleni mpaka nje. Nimeweka picha ya uso wa saa bila neno lolote la Kiswahili. Imesaidia sana, dada wa Arusha ameshuka kutoka sekunde sita mpaka mbili kwa kadi.

Tarehe ni rahisi zaidi, zote -ego kwa sababu dzień, siku, ni ya kiume hata isipotajwa: trzeciego maja, sikukuu yao ya katiba ya 1791, jedenastego listopada, uhuru wao wa 1918. Yetu nimeziongeza ili mtu akiulizwa asibabaike, dwudziestego szóstego kwietnia kwa Muungano, dwunastego grudnia kwa wenzetu wa Kenya. Namba zote mbili ndani ya tarehe zinabadilika, dwudziestego na szóstego, usiache moja nyuma.

Siku ya 31

Karatasi imekamilika, kadi 140. Jana usiku yule dada amenitumia picha. Yuko nyumbani likizo, na nyumbani kwao si mbali na Tengeru, ambako wakati wa vita kuu ya pili kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu ndani ya Urusi ya Kisovieti wakatolewa kupitia Iran mpaka Afrika Mashariki kuanzia 1942. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Anasema amepita pale tangu utotoni akiona zile herufi mbili juu ya majina, Ś.P., akidhani ni za jina la mtu, na kwamba sasa ameona zinajirudia jiwe baada ya jiwe, akaniuliza kaka hii ni nini.

Ni świętej pamięci. Wapolandi wanaiandika kwa marehemu kama sisi tunavyosema marehemu, maana yake wa kumbukumbu takatifu. Święta pamięć kwenye dopełniacz. Pamięć inaishia na konsonanti, ukiitazama peke yake ungesema ya kiume, ni -ej ya kivumishi inayoonyesha kwamba ni ya kike.

Nilimwandikia hivyo. Alijibu baada ya muda mrefu kwamba amerudi asubuhi kuyasoma tena, na kwamba kwenye mawe mengine maneno yameandikwa na kwenye mengine ni herufi tu, na anasoma sasa yote kwa sauti.

Kadi ya 141: święta pamięć, świętej pamięci.